Saa Iliyolala na Jibini Dirishani

"Chenye uzi, Aloys! Kile kikasha chenye uzi wa bluu!"

"Uzi niliuona. Nikasema moyoni, mke wangu kaipamba jibini ya mwaka mpya. Kilichopambwa si cha kutolewa? Ndivyo nilivyolelewa."

"Umelelewa na mama yako, na mama yako angekuwa hai leo angekuvunjia mwiko mgongoni!"

"Mama yangu muache. Amelala zake vizuri."

"Halali! Nakuapia, saa hizi amekaa kitako kaburini anatafuta viatu aje!"

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na jiko na kikombe cha kahawa, sijui ninywe au nikiweke chini. Nilikuja kuwatakia mwaka mpya tu, kama tufanyavyo bondeni kwetu siku ya pili ya Januari, kila mtu anazunguka nyumba za jirani na kitu mkononi. Nikamkuta Hermance kasimama mbele ya dirisha lililo wazi, mikono kichwani, baridi inaingia ndani kama mgeni asiye na haya, na mumewe Aloys anageuzageuza kofia yake kama aliyeficha humo maneno ya kujitetea.

"Kampa nani?" nikauliza.

"Gaspard!" Hermance akalia. "Kampa Gaspard wa gari la theluji!"

Hapo kahawa ikanipita pabaya.

Nyumba zetu zina dirisha la ndani na dirisha la nje, na katikati pana ubao. Majira ya baridi ubao huo ndio kabati letu la vitu vya baridi. Kwa Hermance palikuwa pamepangwa vikasha vya duara vya mbao ya msonobari, vile vya jibini yetu laini ya bondeni. Vyote vilikuwa na jibini isipokuwa kimoja. Hicho kimoja kilikuwa na pumba, jiwe la mtoni, na juu ya jiwe, ndani ya kitambaa cha flaneli, saa.

Tena usifikirie saa kama hiyo yako. Hii ilikuwa saa ya nyumba ya Vuichoud, wenye kiwanda cha saa, ya kwanza kutoka kati ya chache za kumkumbuka mzee Abram Vuichoud aliyechunga ng'ombe kiangazi na kutengeneza saa wakati wa theluji, enzi hizo babu zetu wanavaa viatu vya mbao. Ya dhahabu, unaivuta springi yake kwa kidole kila siku, haina betri wala haitaki kuisikia. Mgongoni, pale inapogusa ngozi, wamechonga nyumba ya mzee na safu yake ya madirisha, na ukitazama kwa lenzi utaona paka kalala dirisha la tatu. Wengine wanasema si paka, ni mkwaruzo. Mimi nimemuona, alinikonyeza. Ungeiuza saa ile ungenunua shamba la juu, na ng'ombe wake, na kengele za shingoni, na bado ungebakiwa na cha kumpa mtu akusikilizie hizo kengele.

Na mchana huo huo, baada ya chakula, Bwana Edgar Vuichoud mwenyewe, kitukuu cha mzee, alikuwa anakuja kunywa kahawa na kuichukua.

Sasa utaniuliza, saa ya namna hiyo inafanya nini dirishani katikati ya jibini? Basi nikwambie Hermance ni nani.

Hermance alizaliwa shamba la juu kabisa, kule ambako baridi ikishika, kivuli cha mtu hugandia ukutani na inabidi ukibandue kwa maji ya moto kabla hujaenda zako. Akaolewa huku chini na Aloys, mkata magome. Kazi ya Aloys ilikuwa kubandua gome laini la ndani la msonobari, kulichana vipande virefu, na kuviuza kwa wakamua maziwa wafungie jibini, maana jibini ile ikishikwa na joto haikai, hutembea. Aloys alinuka msitu hata akiwa kanisani. Mpaka leo wenye jibini hawajamsahau, kila mwisho wa mwaka wanamletea vikasha, ndiyo maana dirisha lake halikosi.

Siku ya kwanza Hermance alipoingia nyumba ile, mama mkwe wake, marehemu Philomène, hakumtazama uso wala umbo. Alimtazama mikono. Akamwekea mezani unywele wa farasi na kibano, akamwambia, "Piga fundo, mwanangu." Wenzake wanapimwa kwa mapishi, yeye alipimwa kwa unywele. Akapiga fundo dogo, bapa, limelala kama kunguni. Philomène akalichungulia kwa lenzi, kisha akamgeukia mwanawe: "Huyu muoe kabla hajapata mwenye akili zaidi yako."

Maana Philomène alikuwa mtengeneza springi. Ndani ya saa kuna springi nyembamba kuliko unywele wa kichanga, imejiviringa kama konokono, nayo ndiyo pumzi ya saa. Ncha yake ya nje lazima ikunjwe kwa mkono, ipandishwe, irudishwe ndani kwa upole. Ukikosea huku saa inakimbia kama imeibiwa, ukikosea kule inajikokota, na ukipiga chafya nenda tu kiwandani ukaombe radhi. Kazi hiyo bondeni kwetu ni ya wanawake, kila mmoja na meza yake dirishani, na hakuna saa hata moja iliyowahi kuandikwa jina la mmoja wao.

Meza ya Philomène ilikuwa na sheria. Asubuhi ya kukunja hakuna kahawa. Hakuna kufuma sufu chumbani, nyuzi zinaruka. Na hakuna ugomvi kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu hasira inaingia vidoleni. Aloys alizoea kuweka ugomvi wake mpaka baada ya chakula, na mara nyingi akifika hapo keshausahau. Ndoa ile imedumu kwa ajili ya springi, si kwa ajili ya mapenzi, ingawa mapenzi nayo yapo. Ndiyo maana siku ile nilipowasikia wanagombana asubuhi, tena mezani penyewe, moyo wangu ulinidondoka mpaka kwenye soksi.

Hermance akawa fundi kumpita mama mkwe wake. Alikuwa akiisikia saa mgonjwa mfukoni mwa mtu anayepita njiani. Sikio likishasikia, kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto huanza kucheza chenyewe juu ya aproni, kikifuata mapigo. Saa ikiwa mbovu, kidole hakisogei. Mara moja alisimamisha jeneza mlangoni mwa kanisa kwa sababu saa ya marehemu ilikuwa inachechemea. Wakalifungua, akaitengeneza pale pale, mchungaji kashika taa. Yule mzee atafika kiyama kwa wakati, si kama nyie.

Kisha zikaja saa za betri kutoka mbali. Viwanda vingi vikafungwa, madirisha yakapewa maua. Hermance akavifunga vibano vyake kwa flaneli, akaviweka droo ya chini, akaenda kufunga magome kwenye jibini pamoja na sisi wengine. Alikuwa akifunga vizuri mno, jibini zinaogopa kutoka. Lakini droo ile haikufunguliwa. Binti yake Odile aliingiwa na kibanzi kidoleni akaomba kibano, akaambiwa, "Kaa na kibanzi chako, kitatoka kikichoka."

Miaka ikaenda, nywele zikawa nyeupe. Hadi vuli hii iliyopita, Bwana Edgar alipokuja na keki ya plamu, akakaa jikoni pale nilipokaa mimi, akasema nyumba yao inataka kumkumbuka mzee Abram, na saa hiyo wanataka itengenezwe kama alivyotengeneza yeye: springi ikunjwe kwa mkono, kisha saa ilazwe kwenye baridi ya dirisha na kuamshwa kwenye joto la jiko, mpaka isijali tena kama ni Januari au Julai.

"Mjini kuna mashine ya kufanya hivyo, Bibi Hermance," alisema, "inagandisha na kupasha kwa kubonyeza. Lakini nimewaambia watu kwamba saa hii imelala dirisha la bondeni. Kama hutaweza, niambie tu. Tutatumia mashine, na mimi sitasema tena neno la dirisha."

"Mikono yangu imezeeka."

"Nimesikia. Nimekuja kuitazama."

Akampa unywele. Hermance akapiga fundo.

Na kabla ya kuondoka Bwana Edgar akaongeza jambo moja. Akasema kazi ikiisha, na saa ikienda sawa, Hermance achore herufi yake ndani ya saa, chini ya daraja la gurudumu, kile kipande cha chuma kinachoshika gurudumu mahali pake. Haitaonekana na anayevaa, ila kila fundi atakayeifungua, leo au baada ya miaka mia, ataiona. Hermance alikwenda kufungua droo ya chini.

Sasa unajua kilichokuwa ndani ya kikasha chenye uzi wa bluu. Alikuwa ameichora ile H yake wiki ya Krismasi, akaificha hata kwa mumewe. Usiku ule wa kuamkia tarehe mbili ulikuwa ndio wa mwisho wa saa kulala kwenye baridi. Asubuhi alijilaza na kitambaa machoni, ayapumzishe kabla ya kuisikiliza mara ya mwisho. Nje Gaspard akapita na gari lake la kusukuma theluji, akawafungulia njia mpaka mlangoni. Na mwaka mpya dereva wa theluji hapiti nyumba akaondoka mikono mitupu, hiyo ni aibu ya kurithiwa. Aloys akafungua dirisha, akanyoosha mkono, akachagua kilichopendeza.

"Hukuona ni chepesi?" nikamuuliza.

"Kilikuwa kizito! Nikasema, jibini ya haja hii."

"Ni jiwe, mzee wewe!" Hermance akafoka. "Ni jiwe, baridi isiyumbe! Mama yako alikuwa anaweka jiwe, umelala nyumba moja na hilo jiwe tangu unanyonya!"

"Mama alikuwa akifunga uzi mwekundu."

"Mwekundu uliisha!"

"Basi ungeniambia. Mimi macho yangu yanajua mwekundu."

Hermance akaichukua simu kama anamkaba mtu. Akampigia Gaspard. Ikaita, ikaita, akapokea mkewe, Sidonie. Hermance akaiweka simu itoe sauti ili sote tusikie.

"Mwaka mpya mwema, Bibi Hermance! Gaspard? Kaiacha simu mezani, kama kawaida yake, kichwa chake nacho siku moja atakiacha kwenye chaji. Mnasemaje?"

"Sidonie, mwanangu, ile jibini aliyopewa na Aloys..."

"Ah, asanteni sana! Jamani mwaka huu tumezidiwa, hatuna pa kuziweka. Hivi sasa nimeshafunga tatu kwa karatasi ya bati, nimetia mvinyo na vitunguu saumu, ziko ovenini zinachemka, harufu mpaka barabarani."

Hermance akakaa. Hakukitafuta kiti, kiti ndicho kilichomtafuta.

"Zenye uzi?" akanong'ona.

"Nini?"

"Mojawapo ilikuwa na uzi wa bluu?"

"Uzi... Subiri." Tukasikia mlango wa oveni, tukasikia bati linavyolia, na Sidonie anajiunguza na kutaja vitu ambavyo havimo katika Biblia. "Hapana. Ya uzi, ngoja, hiyo si ndiyo aliyorudi nayo kwenye gari? Ndiyo. Nilimwambia aondoke na mzigo akagawe njiani. Ana watu chungu nzima wa kushukuru mwaka huu, mchungaji, daktari wa mgongo wake, fundi wa gari, na wale waliompokea binti yetu kazini. Kwani vipi, imeharibika?"

"Haijaharibika," Hermance akasema. "Bado."

Akakata simu. Nje kulikuwa kweupe na kimya. Gari la theluji husikika mbali, lakini siku ile wala sauti.

Tukampigia mchungaji. Mke wake akasema ndiyo, Gaspard kapita, jibini wameila nusu na ni tamu sana, Mungu awabariki. Hermance akamuuliza kama walipokuwa wanaila haikuwa na jiwe. Mke wa mchungaji akasema anatuombea. Tukampigia daktari. Simu ikaita kwenye nyumba tupu.

Aloys akavaa koti. "Naenda kumfuata."

"Kwa usafiri gani, kwa miguu? Umri huo?"

"Kwa kigari cha theluji cha Odile, kile cha kusukuma kwa mguu. Mteremko utanisaidia."

"Na mwinuko?"

"Mwinuko ni wa kurudi. Kurudi hakuna haraka."

Akatoka. Tulimwona dirishani anashuka njia ya ziwani, koti linapepea, mzee kama kunguru aliyeamua kurudia ujana. Baadaye alituambia alikwenda kasi mpaka masharubu yalibaki nyuma na kumfikia baadaye. Hayo ni ya Aloys, mimi siwezi kuapa.

Tukabaki wawili. Hermance akawa anafuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Anakwenda dirishani, anarudi. Anahamisha lenzi kutoka kulia kwenda kushoto. Ile saa ya ukutani kwangu, nikwambie, humwogopa. Siku zote inachelewa, akiingia tu yeye inajirekebisha. Lakini ya kwake ukutani siku hiyo ilikuwa inakimbia, au ndivyo nilivyoona.

"Shoga," akasema, "niliivuta jana jioni. Ina pumzi ya leo na ya usiku, basi. Ikiwa kwenye gari inatikiswa. Ikiwa jikoni kwa mtu karibu na moto, inapashwa. Ikiwa mtu kaifungua..."

"Mtu akiifungua akaona dhahabu si atajua si jibini?"

"Atajua. Na watu watasema nini? Watasema Hermance wa Aloys kazeeka, saa ya mzee Abram anaiweka pamoja na chakula. Hawatasema ndivyo ilivyowekwa siku zote. Watasema kazeeka." Akainua mikono yake akaitazama. Ilikuwa inatetemeka. "Ona. Hii ni ya ugomvi wa asubuhi. Mama alisema."

Nilikata mkate nikampa, akaushika tu.

Aloys alirudi mchana, barafu kwenye nyusi, kigari kakibeba begani. Akavua viatu mlangoni taratibu sana, na mtu anayevua viatu taratibu hivyo hana habari njema.

"Nililiona gari," akasema hatimaye. "Ng'ambo ya ziwa, linapanda kuelekea kiwandani na kwingineko. Nilipunga mkono. Akanipungia, akapiga honi. Kijana ana adabu."

"Akaendelea?"

"Akaendelea."

Saa ya ukutani ikagonga. Chakula hakikuliwa. Hermance alikuwa amepika viazi, vikakaa sufuriani vinatusikiliza.

"Sikiliza," Aloys akasema, "Bwana Edgar akija, mwambie bado iko kwenye baridi. Mwonyeshe kikasha kingine pale dirishani. Mwambie ikifunguliwa sasa itapata mshtuko. Kesho tutakuwa tumeipata."

"Nimfungie jibini kwa uzi wa bluu?"

"Uzi tunao?"

"Mimi nina wazo zuri zaidi," nikasema. "Mwambie mbweha. Mbweha wa mwaka huu wana njaa, aliruka dirishani, akakibeba. Mimi nitaapa. Nitasema nilimwona akipita kwangu na kikasha mdomoni, anaangalia saa, anaharakisha."

Aloys akacheka, masikini, kicheko kikamtoka bila ruhusa. Hermance hakucheka. Alikuwa amekaa mezani pake, pale dirishani, mikono juu ya aproni.

"Nilipoolewa," akasema, "mama alinionyesha saa moja iliyorudi kutengenezwa. Ilikuwa imetengenezwa humu ndani, kwenye meza hii, na bibi yake mama. Nikauliza tunajuaje. Mama akasema, kwa mkunjo. Hakuna mwingine aliyekunja hivyo. Ndilo jina lake pekee, mkunjo, na anayeweza kulisoma ni sisi tu. Basi mimi nimeandika herufi, Aloys. Nimeiandika ndani ya hiyo saa. Ukiniambia niseme uongo juu ya saa yenye herufi yangu, basi nenda ukaifute kwanza."

Aloys hakuwa akijua habari ya herufi. Akaketi kwenye kiti cha mbao, kofia magotini.

"Umeandika?" akauliza polepole. "H?"

"H."

"Na mimi nimempa Gaspard."

"Na wewe umempa Gaspard."

Nikaona mzee anayatazama magome yake yaliyoning'inia juu ya jiko, na midomo inamcheza. Kisha akasema, sauti ya chini, "Basi nitamwambia mimi. Nimeitoa mimi, nitasema mimi. Wewe kaa hapo."

"Hapana. Nilikabidhiwa mimi."

"Mke wangu..."

"Nimesema nilikabidhiwa mimi! Akiingia, nitasimama, nitamwambia, Bwana Edgar, saa ya babu yako nimeipoteza. Peleka zilizobaki mjini kwenye mashine. Basi. Na meza hii nitapandia maua."

Akavua aproni, akaikunja. Akachukua vibano, kimoja kimoja, akaanza kuvifunga tena kwenye flaneli. Mimi hapo machozi yalikuwa yananitoka na kikombe bado mkononi, tangu asubuhi, kahawa imeganda juu.

Ndipo tukasikia viatu vinagongwa ngazini kutoa theluji. Aloys akasimama. Hermance akasimama. Akapitisha mkono kwenye nywele, akavaa aproni tena, sijui kwa nini, labda hakutaka kusema neno zito bila aproni.

"Bwana Edgar," akaanza, mlango haujafunguka vizuri, "kabla hujaketi, nina neno. Ile saa ya..."

Mlango ukafunguka. Bwana Edgar akaingia na baridi yake, miwani imejaa ukungu hata haoni aliye mbele yake, anacheka na kutafuta mahali pa kutundika shali.

"Mwaka mpya mwema, mwaka mpya mwema! Samahanini, sikupata muda wa kununua kitu. Ila yule dereva wa theluji, baba yake yule binti tuliyempokea, kanishika pale kwenye geti la kiwanda, kaniambia lazima nipokee. Na mimi, mnajua, daktari kanikataza mafuta. Nikasema, badala ya kuiacha iharibike kwangu..."

Akatoa kitu chini ya koti. Kikasha cha duara, cha msonobari. Uzi wa bluu. Na juu ya uzi fundo dogo, bapa, limelala kama kunguni, halijaguswa.

Aloys akafungua kinywa. Hermance akamkanyaga mguu bila kumtazama. Akakipokea kikasha kwa mikono miwili, hakukiweka mezani, hakusema asante. Akakiinua taratibu mpaka sikioni, akafumba macho.

Bwana Edgar, aliyekuwa anaanza kueleza jinsi inavyochomwa kwa mvinyo, akaiacha sentensi njiani.

Tukamtazama Hermance mkono wa kushoto. Kidole kidogo kilikuwa kimetulia juu ya mbao. Kikatulia. Kikatulia bado.

Kisha kikaanza kucheza.